Pesti kwanza, rejeta baadae

Habari zenu wadau, asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama kule nyuma sogeeni mbele kidogo manake kuna vitu vidogo nataka mvione kwa macho yenu na siyo kusimuliwa. Nimeombwa niongee kuhusu kupoza kompyuta kwa maji, na najua wengi mmekuja mkitegemea rejeta, feni, lupu (yaani mizunguko ya maji) za kujiundia, taa za rangi na hayo mengine, yote mazuri, ila mimi nimeomba nianze na kile kitu ambacho kwenye boksi kinakuja kwenye kisirinji kidogo, au kimeshapakwa tayari chini ya pampu, na watu hata hawakiangalii. Pesti. Themo pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na bamba la pampu. Naomba leo tuipe muda wake manake mashine nyingi ninazoletewa mwenyewe analalamika "nimefunga maji lakini bado inachemka", maji hayana kosa, rejeta haina kosa, kosa liko pale katikati ya prosesa na bamba la shaba, kwenye kaupenyo kembamba ambako ukishafunga hukaoni tena.

Tufuate joto lenyewe linapopita. Linazaliwa kwenye kipande cha silikoni, kwa prosesa nyingi kubwa za Intel ni kama sentimita mraba mbili tu, kwenye Ryzen za AMD za karibuni kila kipande chenye viini, yaani zile sehemu zinazopiga hesabu, ni karibu milimita mraba 70, yaani kidogo kweli kweli, afu hapo hapo unakuta Core i9-13900K kwa maelezo ya Intel wenyewe inaruhusiwa kufika wati 253. Wati zote hizo kwenye eneo dogo vile. Kutoka kwenye silikoni joto linapanda kwenye kifuniko cha chuma kile chenye maandishi ya jina la prosesa, ambacho ni shaba iliyopakwa nikeli, kutoka hapo linavuka pesti, linaingia kwenye bamba la shaba la pampu, linapanda kwenye vipezi vyembamba ndani ya hilo bamba, na hapo ndo linakutana na maji kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ndo mipira, rejeta, feni, hewa ya chumbani. Mmeona maji yako wapi kwenye huo mstari? Yako mbali. Na joto halina njia ya mkato, kila kituo lazima lipite, kwaiyo hata ukinunua rejeta ya feni tatu ukaweka na feni za bei mbaya, maji yatabeba lile joto tu ambalo pesti imeyafikishia, basi.

Sasa kwa nini tusigusanishe shaba kwa shaba tukamaliza? Nyanyueni hili bamba mliangalie, linang'aa mpaka unajiona uso, ukilipitisha kidole unaona ni laini kabisa, ila ukiliweka chini ya hadubini limejaa mikwaruzo, vilima na mabonde, na kifuniko cha prosesa hivyo hivyo. Ukivikutanisha vinagusana kwenye vile vilele tu, mabondeni kote kunabaki hewa. Na juu ya hilo hivi vitu havijanyooka kama tunavyodhani, kuna vifuniko vimebonyea katikati, kuna mabamba yametengenezwa makusudi yakiwa na kitumbo kidogo ili yakandamize zaidi pale katikati ambapo joto ndo linatoka.

Kuna namba tatu naomba mziweke kichwani, kipimo chake ni wati kwa mita kwa digrii moja ila msihangaike na kipimo, angalieni uwiano tu. Shaba inapitisha joto kwa karibu 400. Pesti ya kawaida nzuri, tuseme 8, zipo za 4 na zipo zinazojitangaza 12 na zaidi. Hewa iliyotulia, 0.026. Kwaiyo pesti inaizidi hewa karibu mara 300, na shaba inaizidi pesti mara 50. Mwenye hizo namba tatu akitulia anaweza kujijibu karibu kila swali la pesti bila kumuuliza mtu. Je, niweke? Ndiyo, manake pasipo pesti pana hewa. Je, nijaze? Hapana, manake pesti ikikaa mahali ambapo shaba ingefika yenyewe, umeweka kitu kibovu mara 50 mahali pa kitu kizuri. Kazi ya pesti ni kuitoa hewa mabondeni. Siyo godoro la kulalia bamba.

Na hili tatizo siyo la vijana wa gemu wa juzi. IBM walipoleta mashine yao kubwa ya 3081 mwaka 1980, ilikuwa inapozwa kwa maji, na wale wahandisi walikutana na kaupenyo haka haka tunakokaongelea leo. Walichofanya, kila chipu waliiwekea pistoni ndogo inayosukumwa na springi ije iikandamize kwa juu, na kwa sababu pistoni nayo haigusi chipu vizuri eneo lote, boksi zima wakalijaza gesi ya heliamu kwa vile heliamu inapitisha joto karibu mara sita kuliko hewa, afu juu yake ndo bamba linalopitisha maji. Mnaona? Wenye maji yao, wenye pesa zao, bado walikaa chini wakaumiza kichwa kuhusu kile kinachojaa kati ya chuma na chuma. Sisi tumerahisishiwa, tuna sirinji.

Ngoja niwape hesabu moja ili msione naongea kwa hisia. Chukua wati 150, chukua eneo ambalo joto linapita kwa wingi liwe sentimita mraba mbili, pesti yako ya 8. Unene wa pesti ukiwa milimita 0.05, kuvuka hiyo pesti tu kunakula karibu digrii 5. Unene huo huo ukipanda ukawa milimita 0.2, ambao kwa macho bado unauona mwembamba tu, inakula karibu digrii 19. Prosesa ile ile, maji yale yale, rejeta ile ile, digrii 14 zimepotea kwa sababu bamba halijakandamizwa vizuri. Kwenye mashine halisi joto linatawanyika kidogo kwenye kifuniko kwaiyo namba zitatofautiana, ila mwelekeo ni huo. Na sasa linganisheni: mtu anatoka pesti ya 8 anaenda kutafuta ya 12 kwa bei mara tatu, kwenye huo unene wa 0.05 ameokoa digrii moja na nusu hivi. Ndo maana huwa nasisitiza mtu asikeshe akichagua jina la pesti wakati skrubu zake hazijakazwa sawa.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza kabisa, nailoni. Jamani, ile nailoni. Bamba likitoka kiwandani linakuja limebandikwa nailoni ya kinga, nyingine ina maandishi mekundu kabisa kwamba itolewe kabla ya kufunga, nyingine haina rangi, haina maandishi, inang'aa tu kama bamba lenyewe. Mtu anaweka pesti vizuri, anakaza vizuri, anawasha, prosesa inaruka mpaka digrii 100 inaanza kujipunguzia kasi. Plastiki inapitisha joto kidogo sana, wastani wa 0.2 hivi kwenye ule uwiano wetu, kwaiyo hata unyembamba wake haukuokoi. Hii hapa ni moja niliitoa kwenye mashine ya mtu, angalieni, upande mmoja ina pesti imetapakaa vizuri kabisa kama darasani, na huku chini shaba haijaguswa na kitu, safi kama siku iliyotoka kiwandani. Aliyefunga alikuwa na mkono mzuri tu, hakuangalia. Kabla ya kuweka pesti inamisha bamba kwenye taa, pitisha ukucha kwenye kona zote, ukinasa kitu kibandue.

Sasa zile seti zilizofungwa kiwandani, pampu na rejeta na mipira vyote pamoja, nyingi zinakuja na pesti imeshapakwa chini ya bamba kwa vidoti au miraba. Hiyo inatosha. Itumie. Usiongezee ya kwako juu yake, hayo mambo ya "nimeweka zote mbili ili iwe nzuri zaidi" yanakupa tabaka nene la pesti mbili tofauti zilizochanganyikana. Ila kama ile ya kiwandani imeguswa, imeingia vumbi, au umeshaifunga mara moja ukaifungua, hapo futa yote mpaka shaba ionekane, weka yako mpya. Pesti iliyokwisha kukandamizwa hairudiwi. Ukishanyanyua bamba hata kama ni sekunde moja, hewa imeingia, ukilirudisha inafungiwa mle ndani kama mapovu na hutayaona.

Kusafisha mnajua, spiriti, yaani isopropili alkoholi, ya asilimia 90 kwenda juu, ya 99 ikipatikana ndo nzuri zaidi manake ile ya chini ina maji mengi. Kitambaa kisichotoa nyuzi. Tishu za kawaida zinaacha vinyuzi, kinyuzi kimoja kikilala katikati ya kifuniko kinaweza kulizuia bamba lisikae vizuri. Safisha pande zote mbili, prosesa na bamba, acha zikauke, na usipapase tena kwa kidole ukisema unahakikisha, kidole kina mafuta.

Kiasi. Hapa ndo watu wanagombana mpaka wanavunjiana heshima, nukta, mstari, msalaba, kutandaza kwa kikadi. Mimi msimamo wangu ni kwamba kwa prosesa za mraba za kawaida tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati linatosha, bamba lenyewe litalisukuma. Kwa zile Intel za soketi, yaani kiti cha prosesa, ya LGA1700 na LGA1851 ambazo zimekuwa ndefu upande mmoja, mstari kufuata ule urefu au matone mawili matatu yaliyopangana yanafika vizuri zaidi kwenye ncha. Kwa Threadripper, prosesa kubwa za AMD, ambayo kifuniko chake ni kikubwa na joto linatoka sehemu kadhaa chini yake, tandaza au weka msalaba na matone pembeni, usiamini tone moja. Ila umbo siyo la kugombania. Kinachoumiza kweli ni kuweka kidogo sana, sehemu ikabaki kavu. Ukizidisha kidogo pesti isiyopitisha umeme, kinachotokea ni kwamba ya ziada inaminywa inatokea pembeni, ni uchafu, unafuta, maisha yanaendelea. Kwaiyo ukiwa na wasiwasi ongeza kidogo, usipunguze. Wenye AM5, soketi ya Ryzen, mnajua kifuniko cha prosesa yake kina mapengo pembeni yenye vipande vidogo vidogo vya umeme, pesti ikiingia mle kama haipitishi umeme haiui kitu, ni kazi tu ya kuisafisha baadae.

Sasa sikilizeni hapa kwenye kukaza manake hapa ndo penyewe.

Angalieni haya mabamba mawili. Hili la kwanza nimelifungua nikakuta pesti imeacha ramani, katikati nyembamba karibu unaiona shaba, pembeni imesambaa sawa pande zote nne. Hilo limekaa. Hili la pili, oneni kona hii, pesti imesimama bado ina ile mistari mistari kama ilivyotoka kwenye sirinji, na kona ya upande wa pili imeminywa mpaka imekuwa kama kivuli. Hili bamba lilikaa limeinama. Yule aliyefunga alikaza skrubu moja mpaka mwisho, afu akaenda ya pili, akaja ya tatu. Ukikaza moja mpaka mwisho bamba linaegemea upande ule, pesti inakimbilia upande mwingine, na ukija kukaza zilizobaki pesti iliyoondoka hairudi. Unachotakiwa ni kuzishika zote nne kwa vidole kwanza, zing'ate nyuzi mbili tatu, afu bisibisi, nusu mzunguko kona hii, nusu mzunguko kona inayoitazama kwa mshazari, unazunguka hivyo hivyo mpaka zote zinagota. Seti nyingi zina springi au kituo kwenye skrubu, ikigota imegota, usitumie nguvu ya kufungulia matairi.

Na maji yana usumbufu wake ambao hitisinki ya feni, ile ya kupoza kwa hewa, haina: mipira. Mipira ni migumu, hasa ikiwa mipya, nayo inavuta. Unaliweka bamba kwenye pesti vizuri, unaachia mkono mmoja utafute skrubu, mpira unalizungusha digrii tano, bamba linateleza, pesti imeshapakaa pembeni. Ndo maana mi napenda rejeta ifungwe kwanza kwenye kesi, mipira ikunjwe ielekee pale inapotaka kulala, ujaribu kulikalisha bamba bila pesti uone linatulia lenyewe bila kuvutwa, na ndo baadae uweke pesti na ulishushe mara moja, wima, bila kulisogeza sogeza. Ukiweza mwite mtu akushikie. Kumwita mtu akushikie ni ufundi.

Angalia na breketi. Tundu za LGA1700 zimekaa milimita 78 kwa 78, za LGA1200 na zile za kabla yake milimita 75, na prosesa ya LGA1700 imekaa chini zaidi kidogo. Sasa mtu ana seti ya zamani, analazimisha breketi ya zamani, skrubu zinagota kabla bamba halijakandamiza, kila kitu kinaonekana kimekaza lakini bamba linaelea juu ya pesti. Tafuta breketi ya soketi yako. Kwa AM5 na AM4, soketi ya Ryzen iliyoitangulia, tundu ni zile zile, ila kwenye AM5 lile bamba la nyuma ya madabodi, ile bodi kuu, usilitoe, ndo limeshikilia soketi. Na baadhi ya watengenezaji kwa Ryzen wanakupa breketi inayosogeza bamba milimita kadhaa pembeni, kwa sababu vile vipande vyenye viini havikai katikati ya kifuniko. Ukiwa nayo itumie, ni digrii za bure.

Umemaliza, umewasha. Unajuaje kama pesti imekaa bila kufungua? Hapa maji yanatusaidia sana, kuliko hata hitisinki ya kawaida, manake maji ni mazito kupata moto. Lupu yenye nusu lita ya maji, ukiimwagia wati 150 bila kupoza kabisa, inahitaji kama sekunde 14 kupanda digrii moja. Digrii moja! Kwaiyo ukiwasha kazi nzito na prosesa ikaruka kutoka 40 mpaka 95 ndani ya sekunde mbili, hiyo siyo kazi ya maji, maji hata hayajajua kama kuna joto. Hiyo ni njia ya kati ya silikoni na maji. Kuruka kidogo ni kawaida, kila prosesa inaruka, ila mruko mkubwa wa papo hapo afu mipira na rejeta bado ni baridi, fungua uangalie pesti, nailoni na mkazo. Kabla ya kufungua hakikisha pampu inazunguka, waya wake uwe umechomekwa kwenye pini za pampu na siyo kwenye feni inayopunguzwa kasi, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine unayoifungua inapowaka, usome mizunguko yake. Pampu ikiwa imekufa utakuta kichwa chake chenyewe kinachoma na rejeta ni baridi. Pesti ikiwa mbovu, kichwa cha pampu kinakuwa cha uvuguvugu tu wakati prosesa inasoma 100, manake joto halijavuka kufika hapo. Na kama joto linapanda pole pole, dakika kumi, ishirini, na rejeta yenyewe ukiishika ni ya moto, pesti yako iko sawa kabisa, muache fundi pesti apumzike, nenda kwenye feni, vumbi na hewa ya kesi.

Halafu pimeni mkikumbuka joto la chumba. Maji hayawezi kushuka chini ya hewa inayopita kwenye rejeta. Mtu wa chumba cha digrii 32 akijilinganisha na wa 22 ameshapoteza 10 kabla hata hajaanza. Na wenye Ryzen 7000, AMD walizipanga zipande mpaka 95 kwenye kazi nzito na zikae hapo, kwaiyo msiogope hiyo namba peke yake, angalieni kasi ya viini, pesti ikikaa vizuri namba inaweza kubaki 95 ila kasi inakuwa juu zaidi.

Nimeona mikono, haya.

Ndugu anauliza kuhusu metali ya majimaji, ile ya galiamu. Ni kweli inapitisha joto mara nyingi kuliko pesti, zipo zinazotajwa kwa 70 na kitu, na Sony waliiweka kwenye PlayStation 5 mwaka 2020 wakaizungushia ukuta isitoke. Lakini inapitisha umeme, tone likidondokea madabodi unaweza kuaga, na inakula alumini, inaiharibu kabisa, kwaiyo bamba la alumini usijaribu. Kwenye shaba tupu hiyo galiamu inazama ndani taratibu, inaacha doa na utakuta imekauka, nikeli ndo inavumilia. Kwa mtu anayefunga maji kwa mara ya kwanza mimi nasema hapana, bila kuzunguka. Ukitaka kitu cha kudumu angalia zile karatasi zinazolainika kwa joto, kama PTM7950 ya Honeywell, zinalainika kuanzia digrii 45 hivi, zinajaza mabonde, na hazikimbii pembeni haraka kama baadhi ya pesti nyepesi zinavyofanya chuma kikipata moto na kupoa kila siku.

Dawa ya meno? Hapana kaka. Ina maji, inafanya kazi kwa muda mfupi afu inakauka inapasuka, na joto la prosesa ndo linaikausha haraka. Iache bafuni.

Dada pale anauliza kadi ya grafiki ukiifungia bamba la maji. Swali zuri sana, na kule ni tofauti. Kule hamna kifuniko, unagusa silikoni yenyewe, kwaiyo pesti unatandaza uso mzima, kona isibaki kavu hata moja, kona kavu pale ni sehemu ya chipu isiyo na pa kupelekea joto. Halafu kuna pedi za memori na za vipande vya umeme, hapo angalia unene uliotajwa na mtengenezaji wa bamba. Wameandika milimita moja, weka milimita moja. Ukiweka ya moja na nusu kwa kudhani nene ndo nzuri, pedi zinalinyanyua bamba lote, memori zinapoa vizuri na chipu kuu inachemka, na utamlaumu muuza pesti bure. Na usikaze kwa nguvu, silikoni tupu inapasuka kona.

Kila baada ya muda gani kubadilisha? Hakuna tarehe. Andika namba zako siku ya kwanza, kazi ile ile, joto la chumba lile lile. Zikipanda digrii nyingi baada ya muda, safisha vumbi la rejeta kwanza, pima tena, bado ziko juu ndo ufungue. Usifungue kitu kinachofanya kazi vizuri kwa sababu umesikia mahali kwamba mwaka umeisha.

La mwisho, mzee pale mbele, kufungua AM4. Hii naomba muisikilize vizuri kwa sababu prosesa zile zina pini kwa chini na soketi haizishiki kwa nguvu, pesti ikishakauka inaibandika prosesa kwenye bamba, ukivuta kwa kasi inang'oka nayo na pini zinapinda. Iendeshe mashine kazi nzito dakika kumi hivi pesti ilainike, izime, chomoa umeme, legeza skrubu kwa mshazari kama ulivyokaza, afu kabla ya kunyanyua zungusha kichwa cha pampu kushoto kulia, taratibu, kidogo kidogo. Mwanzo kitagoma. Usikasirike, endelea. Mkono utasikia pale kinapoachia, na hapo ndo unanyanyua. Haya, tufungue hii ya hapa mezani tuone ramani yake, nani ana bisibisi ya nyota?